Ukuta wa Kiponda na Ukuta wa Barka

Mwezi uliopita binti yangu alikuja nyumbani kwangu hapa Maskati na mfuko uliojaa vipande vya sampuli, akavipanga juu ya meza ya kulia mmoja mmoja, kama mtu apangaye karata. Palikuwa na karatasi ya ukutani ya vinaili yenye maua ya rangi ya dhahabu, paneli ya plastiki iliyotiwa michoro ili ifanane na mbao, kigae kikubwa cha rangi ya mchanga, kipande cha marumaru, na vibao vitatu vilivyopakwa rangi za aina mbalimbali. Yeye na mumewe wanajenga Barka, si mbali na bahari. Nyumba imefika pahala ambapo matofali yote yamesimama na mafundi wanauliza: kuta zivikwe nini? Mkandarasi amekwisha kuwapa ushauri wake, nao ni wa maneno machache: vinaili ndani, rangi nzito ya plastiki nje, na miaka ishirini hamtagusa kitu.

"Mama," aliniuliza, "kipi kati ya hivi kitadumu zaidi?"

Nilimwomba anipe siku chache. Alishangaa, kwani swali lilikuwa jepesi machoni pake. Hakujua kwamba niliwahi kuulizwa swali hilohilo zaidi ya miaka thelathini iliyopita, juu ya nyumba nyingine, nikalijibu kwa haraka na kwa kujiamini, na jibu langu likachangia kuiangusha nyumba ile. Wengi katika ukoo wetu waijua nusu ya habari hii. Leo nataka kuiandika yote. Na kwa kuwa haieleweki bila kujua kuta zetu za kale zilijengwaje, itanibidi nianzie mbali kidogo.

Nyumba ya bibi yangu ilikuwa Kiponda, katika Mji Mkongwe wa Unguja. Kuta zake za chini zilikuwa nene kiasi kwamba sisi watoto tuliweza kukaa wawili wawili ndani ya tundu la dirisha, miguu juu, tukitazama wapitao. Vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, na hilo halikuwa chaguo la mtu: upana wa chumba ulipimwa kwa urefu wa boriti ya mkoko iliyobeba dari, na mkoko haukui kupita kiasi chake. Nyumba za Lamu, Mombasa na Unguja zote zina wembamba huo, na mtu akizizoea huona vyumba vya leo vimepanuka bila haya.

Ndani ya ukuta ule hamkuwa na kitu cha fahari. Yalikuwa mawe ya matumbawe yaliyochimbwa ardhini, yasiyochongwa, kila moja na umbo lake, yameshikanishwa kwa udongo mwekundu, mchanga na chokaa. Pale ambapo mawe makubwa hayakukutana, mwashi alitomea vijiwe vidogo. Ukuta wa namna hii una matundu mengi kuliko unavyoonekana. Wakati wa masika hunywa maji ya mvua, na siku zote huvuta unyevu kidogo kutoka ardhini. Kisha jua na upepo wa kaskazi huyatoa maji yale polepole, kupitia usoni mwake. Kwa hiyo kile kinachouvika uso huo ndicho kiamuacho kama ukuta utaishi.

Kilichouvika kilikuwa chokaa. Wazee wetu waliipata kwa kuchoma matumbawe katika tanuu: magogo yalipangwa kwa duara, mawe yakarundikwa juu, moto ukawashwa na kuachwa uwake mpaka mawe yageuke meupe na mepesi. Yakisha kupoa yalimwagiwa maji, yakafoka mvuke na kumeguka kuwa unga. Huko ndiko kuzima chokaa. Chokaa iliyozimwa haikutumiwa papo hapo. Iliwekwa, ikafunikwa, ikaachwa ikomae, na mwashi aliyejiheshimu hakukubali kupewa chokaa changa. Ukutani ilipigwa kwa matabaka, la kwanza la chokaa na mchanga mnene, na la mwisho jembamba sana la chokaa laini iitwayo niru, ambayo fundi aliisugua kwa mwiko mpaka ikang'aa.

Jambo ambalo sikulijua nilipokuwa mdogo, na ambalo lingenifaa sana baadaye, ni hili. Moto wa tanuu hulitoa jiwe hewa ya kaboni iliyomo ndani yake. Chokaa inapokaa ukutani, mwezi baada ya mwezi, huivuta tena hewa hiyo na kurudi kuwa jiwe la asili ileile. Basi lipu ya chokaa juu ya ukuta wa matumbawe ni tumbawe juu ya tumbawe. Vyote viwili vina ugumu unaokaribiana, vyote hupitisha mvuke, na ukuta ukitikisika kidogo lipu huufuata.

Lipu hiyo hudumu kwa kiasi cha kustaajabisha. Gedi, karibu na Malindi ya Kenya, ulihamwa na watu wake kufikia karne ya 17, na bado katika mabaki ya kuta zake kuna vipande vya lipu vyenye majahazi yaliyochorwa na mkono wa mtu kwa ncha ya kitu kikali. Michoro ya vyombo vya baharini ya namna hiyo ipo pia Kilwa. Katika Ngome ya Yesu, Mombasa, ambayo Waomani waliitwaa mwaka wa 1698, michoro ya ukutani iliyoachwa na Wareno ingali yaonekana. Sijui kama yupo mtengenezaji wa karatasi za vinaili atakayethubutu kuahidi miaka mia nne.

Walakini chokaa haikuwa kinga peke yake. Ilikuwa pia pambo, na Lamu ndiko ilikofikia ubingwa wake. Katika majumba makubwa ya karne ya 18, ukuta wa chumba cha ndani kabisa ulijazwa zidaka safu juu ya safu, zikiwa zimezungukwa na nakshi zilizochongwa katika lipu kabla haijakauka. Ndani ya zidaka ziliwekwa sahani na mabakuli ya kaure kutoka China na kwingineko, na juu ya kuta kulikuwa na vigingi vya kutundikia mazulia na vitambaa vya thamani. Chumba hicho ndimo bibi harusi alimotolewa, mtoto alimozaliwa na maiti alimooshwa. Msanifu Usam Ghaidan, aliyeuchunguza mji ule na kuchapisha kitabu chake mwaka wa 1975, alizichora nyumba hizi kwa subira ambayo sisi wenyewe wenye nyumba hatukuwa nayo.

Unguja hatukuwa na zidaka nyingi kiasi hicho, lakini desturi ilikuwa moja. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, ambaye ulimwengu ulimjua baadaye kwa jina la Emily Ruete, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka wa 1886, anavieleza vyumba vya kwao: kuta nyeupe nene, madaka yenye rafu, na juu yake vyombo teule vya kioo na kaure. Baba yake ndiye aliyejenga hamamu ya Kidichi kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na humo lipu imechongwa ndege, maua na mitende kwa mtindo wa Uajemi. Nimeingia Kidichi mara mbili. Kuvu imezishika kuta, hakuna aliyezihurumia kwa miaka mingi, na bado mdomo wa ndege unaweza kuugusa kwa kidole.

Nyumbani kwetu Kiponda palikuwa na daka moja tu la maana, chumbani kwa bibi, lenye tao juu na bakuli la buluu lililopasuka. Kuta zilizosalia zilikuwa nyeupe tupu. Kila mwaka, baada ya masika kwisha na kuta kukauka, alikuja mzee mwashi na wanawe wawili. Walikwangua palipobambuka, wakaziba kwa lipu mpya, kisha wakapaka chokaa nyumba nzima, nje na ndani. Kwa siku tatu tulilala ukumbini. Harufu ile, kali na safi, ndiyo iliyotuambia sisi watoto kwamba mwaka umegeuka. Chokaa mbichi ni kali kiasi cha kuua kuvu na vidudu, jambo ambalo bibi alilijua bila kusomeshwa.

Ilikuwa na kero yake. Chokaa hushika nguo. Mgeni aliyeegemea ukuta aliinuka na mgongo mweupe, na buibui jeusi ndilo lililofichuka upesi zaidi. Kwa hiyo nyuma ya viti vya ukumbini bibi alitandika mikeka kwa kusimama, ikafungwa kwa misumari, kufikia urefu wa bega la mtu aliyekaa. Ulipochakaa mmoja, ulisukwa mwingine. Nikifikiri sasa, mikeka ile ndiyo iliyokuwa mavazi ya ukuta hasa, na ilichaguliwa kwa hekima: iliwekwa pale tu ilipohitajika, na nyuma yake ukuta uliendelea kupata hewa.

Nimesema haya yote ili msomaji aelewe uzito wa jambo lililofuata.

Neno letu "saruji" asili yake ni Kiajemi, na huku Omani lipo, sarooj, likiwa na maana ya kale zaidi kuliko mfuko wa dukani. Sarooj ya Omani ni udongo uliochomwa, ukasagwa, ukachanganywa na chokaa. Kwa mchanganyiko huo walizivika mifereji ya aflaji ili isivuje, na ngome ili zisimomonyoke. Na mahali palipohitaji uso laini walitumia jasi, neno ambalo nalo tumelipata kwa Waarabu. Atakayekwenda Jabrin, kasri lililojengwa na Imamu Bil'arab bin Sultan katika karne ya 17, ataona uzuri ambao mafundi wa nchi hii waliutoa katika lipu iliyochongwa. Mababu zetu waliovuka kutoka Omani kwenda Unguja waliujua ufundi wa lipu tangu kwao. Walipofika waliwakuta waashi wa pwani wenye ujuzi wao wa karne nyingi, na nyumba kama ya Kiponda ni zao la mikono hiyo miwili, pamoja na ile ya mafundi wa Kihindi.

Saruji ya mfukoni ni kitu kingine. Ilipewa hati ya uvumbuzi Uingereza mwaka wa 1824, kwa jina la Joseph Aspdin, fundi wa Leeds. Kwetu ilikuwa bidhaa ya meli kwa muda mrefu, mpaka viwanda vya Bamburi mwaka wa 1954 na Wazo Hill mwaka wa 1966 vilipoanza kuizalisha pwani kwetu. Haraka ikawa alama ya maendeleo. Chokaa ikawa kitu cha wanyonge na cha wazee. Tanuu zikazimika, na watoto wa waashi wakajifunza kazi nyingine. Tulilipokea neno letu wenyewe likiwa limebadilishwa maana, na wala hatukugundua.

Baada ya mwaka wa 1964 ukoo wetu ulitawanyika. Mimi nilifika Maskati katika miaka ya sabini, kama wengi wengine walioitikia wito wa kurudi. Nyumba ya Kiponda ilisalimika, na shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, akabaki humo. Mwashi mzee alizidi kuzeeka. Upakaji chokaa wa kila mwaka ukawa wa kila miaka mitatu, kisha ukakoma. Lipu ikaanza kubambuka upande wa nyuma.

Mwaka wa 1993 shangazi aliniandikia. Alikuwa ameshauriwa na fundi mmoja, ambaye simtaji, kwamba ukuta ukwanguliwe wote na upigwe lipu ya saruji, nje na ndani, kisha upakwe rangi ya mafuta. Kitadumu kipi, aliniuliza, hicho au chokaa? Mimi ndiye niliyekuwa na mshahara. Nilikuwa nimekaa Maskati miaka kumi na tano, nikaona majumba mapya yakipanda kila wiki, yote ya saruji, yote imara. Nikamjibu kwamba chokaa ni ya zamani. Nikatuma fedha za saruji.

Alikuwapo mtu mmoja aliyepinga: yule mwashi mzee. Alikwenda mwenyewe, akiwa na mkongojo, akamwambia shangazi: "Ukuta huu una maji ndani yake. Mkiuziba, maji hayo yatatokea wapi?" Shangazi alinieleza hayo katika simu. Nilicheka. Nilisema mzee anaogopa kukosa kazi. Maneno hayo nayakumbuka vizuri kuliko mengi mazuri niliyowahi kuyasema.

Kwa miaka miwili nyumba ilikuwa ya kupendeza. Nilitumiwa picha, niliwaonesha wenzangu kazini. Katika mwaka wa tatu zikatokea nyufa nyembamba kama unywele, kwani saruji ni ngumu na haifuati ukuta laini unaojongea. Mvua iliingia kwa nyufa hizo, lakini haikuweza kutoka kwa upana ilioingilia. Maji yaliyopanda kutoka ardhini nayo yalikuta njia imefungwa, yakapanda juu zaidi kuitafuta nyingine. Chumvi iliyokuwa ndani ya maji ikaganda nyuma ya lipu na kuisukuma. Shangazi alisema ukiugonga ukuta unalia kama ngoma. Udongo uliokuwa baina ya mawe ukageuka tope na kuanza kushuka, na vichwa vya boriti, vilivyozoea kukauka kila kaskazi, vikaoza ndani ya ukuta ambako hakuna aliyeviona.

Wakati wa masika ya mwaka wa 2001 ukuta wa nyuma ulifanya tumbo, na usiku mmoja sehemu ya juu ikaanguka uani pamoja na nusu ya dari ya chumba cha bibi. Shangazi alikuwa amelala upande wa mbele. Hakuumia. Alihamishiwa Ng'ambo kwa jamaa, akaishi huko miaka minne, na hakurudi tena Kiponda hata kwa kutazama. Hakunilaumu. Aliniuliza mara moja tu kama daka la chumbani limesalimika, nami sikuwa na la kumjibu, kwani lilikuwa katika kifusi.

Sitaki kuibebesha saruji makosa yote. Mifereji ya paa ilikuwa imeziba, na dari ilikuwa ikivuja tangu kabla. Lau tungeendelea kupaka chokaa na tukaacha paa livuje, nyumba ingeumia vilevile, pengine polepole zaidi. Wala nyumba yetu haikuwa peke yake. Hali ya Mji Mkongwe ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka wa 1985 iliundwa Mamlaka maalumu ya kuuhifadhi, na mji ulipoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka wa 2000 majumba mengi yalikuwa yamekwisha kuanguka. Wataalamu wa hifadhi wamekuwa wakiyarudia maneno ya mzee yule kwa lugha ya kitaalamu: ukuta wa matumbawe utengenezwe kwa chokaa. Ilinichukua miaka kadhaa kuyasoma maandishi yao, na kila nilipoyasoma nilimsikia yeye.

Sasa turudi Barka, na mezani kwangu.

Jambo la kwanza nililomwambia binti yangu ni kwamba asinielewe vibaya. Ukuta wake si ukuta wa Kiponda. Umejengwa kwa matofali ya saruji na nguzo za zege, na juu ya ukuta wa saruji lipu ya saruji ni jamaa yake, kama chokaa ilivyokuwa jamaa ya tumbawe. Kuupaka chokaa kwa sababu tu bibi alipaka kungekuwa kosa langu la mwaka wa 1993 lililogeuzwa kichwa chini: kuchagua kitu kwa jina lake badala ya kuutazama ukuta ulio mbele yako. Swali la mwashi mzee, hata hivyo, linafaa kila mahali. Maji yako wapi, na yatatokea wapi?

Barka maji yanakuja kwa njia ambayo bibi hakuijua. Pwani ya Batina wakati wa kiangazi ina joto na unyevu mwingi hewani, na ndani ya nyumba viyoyozi huwaka mchana na usiku. Mvuke husafiri kutoka upande wa joto kwenda upande wa baridi. Kwa hiyo huku kwetu hupenya ukuta kutoka nje kuja ndani. Ukifika ndani na kukuta ngozi ya vinaili isiyopitisha kitu, nyuma yake ukuta ni baridi, na mvuke hugeuka maji hapohapo. Gundi huoza, kuvu huota, na mwenye nyumba haoni chochote mpaka karatasi itakapoanza kujikunja pembeni. Mahoteli mengi katika nchi za joto na unyevu yameingia hasara kwa sababu hiyo. Mimi mwenyewe nimeibandua karatasi ya namna hiyo katika nyumba ya jamaa yetu mmoja hapa Maskati: mbele maua, nyuma weusi mtupu, na mtoto wa nyumba ile alikuwa akikohoa.

Basi karatasi ya vinaili, ambayo mkandarasi aliisifu kwa kufulika na kwa kudumu, ndiyo ya kwanza kuondoshwa mezani, walau kwa kuta zote zinazopakana na nje. Paneli za plastiki zikaifuata, kwa sababu ileile na kwa sababu nyingine isiyo ya kitaalamu: sikupenda kuona plastiki ikijifanya mti. Binti yangu alitetea karatasi yake ya maua, na mwisho tulikubaliana iwekwe ukuta mmoja wa chumba chake cha kulala, ukuta wa kati unaogawa vyumba viwili vyenye ubaridi mmoja, na iwe ya karatasi kweli. Si haki mama atoe ushauri wote na mwenye nyumba asipate hata ua moja.

Vyumba vya kuogea na jikoni vitavikwa vigae, na kwenye bafu vitafika mpaka juu, baada ya kupakwa kizuizi cha maji nyuma yake. Hapo maji hutoka ndani, na ni haki kuyazuia. Mafundi walitaka kusawazisha kuta hizo kwa jasi kwa kuwa ni nyepesi kuifanyia kazi. Tulikataa, maana jasi ikilowa mara kwa mara hulainika na kuachia. Katika vyumba vikavu jasi haina ubaya. Nje tumechagua lipu ya saruji na rangi ya madini, nyeupe, inayoshikana na lipu na kupitisha mvuke badala ya kuufunika ukuta kama mfuko. Marumaru itabaki mlangoni, kidogo, kwa ajili ya mama mkwe wake.

Palipo na ugomvi zaidi ni muda. Ukuta mpya umejaa maji ya ujenzi, na lipu mbichi ya saruji ni kali, huichoma rangi. Tumeomba ziachwe zikauke wiki nne angalau kabla ya kupakwa chochote. Mkandarasi anasema hakuna mteja aliyewahi kumsimamisha wiki nne. Mkwe wangu, ambaye ni mtu mpole, amemwambia kwamba safari hii amempata.

Kuhusu kudumu, nimemwambia binti yangu kwamba neno hilo tunalitumia vibaya. Chokaa ya bibi haikudumu hata mwaka. Kila masika iliharibika kidogo. Kilichodumu ni ukuta, kwa kuwa kila mwaka alikuja mtu na ndoo. Kitu kinachoahidi miaka ishirini bila kuguswa hukuondolea desturi ya kuutazama ukuta wako, na siku unapoutazama umechelewa. Kwa hiyo katika kila kipande cha sampuli nilimtaka aulize pia: kikichubuka, naweza kukitengeneza pale pale palipochubuka, na bidhaa yake nitaipata baada ya miaka kumi? Rangi nyeupe hupatikana daima. Maua ya dhahabu ya mwaka huu, mwakani yatakuwa yamekwisha dukani.

Kuna jambo jingine ambalo yeye ndiye aliyelitaka, wala si mimi. Anataka daka. Moja tu, katika ukuta wa majlis, lenye tao. Alinitaka nimchoree lile la Kiponda, nikajaribu mara tatu, na kila mara tao lilikataa: sikumbuki kama lilikuwa la mviringo au lilichongoka kidogo juu. Picha niliyotumiwa mwaka wa 1993 yaonesha ukuta wa nje pekee. Enyi watoto wa ami na shangazi mliopo Dubai, London na huko Unguja, aliye na picha yoyote iliyopigwa katika chumba cha bibi, hata ya harusi, hata kama daka limejificha nyuma ya bega la mtu, anitumie. Ukuta wa majlis hautapigwa lipu mpaka mwisho wa mwezi.

Wakati huohuo tumepata mfuko wa chokaa iliyozimwa vizuri, na nikaomba ruhusa ya kuijaribu katika ukuta wa ndani wa ghala la nyuma, mahali ambapo hakuna atakayelalamika. Niliipaka mwenyewe matabaka matatu, na mgongo umeniuma wiki nzima. Jumamosi tunakwenda kuitazama. Binti yangu amenipigia simu jana kusema imekauka vizuri, nyeupe sana, lakini inashika nguo. Nimemwambia alete mkeka.